Nyuklia Kando ya Ziwa: Hesabu ya Hewa na Hesabu ya Maji

Mpango wa Kenya wa kujenga kituo chake cha kwanza cha umeme wa nyuklia umehama kutoka baharini hadi kando ya Ziwa Victoria. Kwa miaka kadhaa macho yote yalikuwa Uyombo, kaunti ya Kilifi, karibu na matumbawe ya Watamu na mikoko ya Mida. Wenyeji wa Uyombo walikataa, wakaandamana, na kufikia mwaka 2025 serikali ilikuwa imeugeukia ufuo wa Siaya, pande za Bondo na Rarieda, ng'ambo ya Ghuba ya Winam, inayoanzia Kisumu. Lengo lililotangazwa ni ujenzi uanze mwaka 2027 na umeme upatikane mwaka 2034.

Wengi wameupokea uhamisho huu kama habari ya siasa: Pwani wamekataa, viongozi wa Nyanza wamekaribisha. Kisayansi kuna zaidi ya hapo. Anayeuliza kama nyuklia inafaa mazingira hupata jibu moja akipima hewa, na jibu jingine akipima maji. Kwa watu wanaokunywa ziwa, wanaolivua na kulioga, jibu la pili ndilo zito.

Hesabu ya hewa

Kiini cha atomu ya urani kikipasuliwa hutoa joto. Joto huchemsha maji, na mvuke huzungusha mtambo wa kuzalisha umeme. Makaa ya mawe hufanya kazi iyo hiyo kwa kuchomwa, na hapo ndipo njia zinapoachana. Mwaka 2014 Jopo la Kimataifa la Mabadiliko ya Tabianchi lilikadiria kwamba uniti moja ya umeme, ile tunayoinunua kwa tokeni, ikitoka kwenye makaa ya mawe huacha takriban gramu 820 za hewa ya ukaa, ukijumlisha uchimbaji, ujenzi na uchomaji. Kwa nyuklia ni gramu 12, upepo 11, nguvu za maji 24, jotoardhi 38, na paneli za jua kati ya 41 na 48.

Hesabu ya vifo haiko mbali na hiyo. Watafiti waliokusanya takwimu za dunia wanakadiria kwamba kila uniti bilioni 1 za umeme wa makaa ya mawe hugharimu maisha ya watu wapatao 25, wengi wao wakiuawa polepole na moshi unaoingia mapafuni. Kwa nyuklia, upepo na jua, idadi hiyo haifiki hata mtu mmoja, na hesabu ya nyuklia imejumlisha maafa ya Chernobyl ya mwaka 1986 na ya Fukushima ya mwaka 2011.

Tena madhara ya makaa hayaishii hewani. Moshi wake hubeba zebaki, ambayo hurudi na mvua hadi majini. Huko bakteria huigeuza kuwa sumu inayopanda kutoka samaki mdogo hadi mkubwa. Katika ziwa letu mbuta hula samaki wengine, kwa hiyo yeye ndiye angebeba mzigo mkubwa, kisha mzigo huo ungeingia kwenye sahani zetu. Mwezi Juni 2019 jopo la kitaifa linalosikiliza rufaa za mazingira lilifuta leseni ya kituo cha makaa ya mawe cha megawati 1,050 kilichokusudiwa kujengwa Kwasasi, Lamu. Watu wa Lamu waliopigania uamuzi ule walitufaa sote. Mizani ikiwa ni kati ya makaa ya mawe na nyuklia, nyuklia inashinda kwa mbali.

Hesabu ya maji

Kituo cha nyuklia hugeuza takriban thuluthi moja tu ya joto lake kuwa umeme. Kituo cha megawati 1,000 huwa na megawati zipatazo 2,000 za joto lisilo na kazi, ambalo lazima litolewe usiku na mchana. Njia rahisi ni kuvuta maji, kuyapitisha kwenye mabomba ya kupoza, na kuyarudisha yakiwa ya moto zaidi. Ukitaka yasipande kwa zaidi ya nyuzi 10, hesabu ya fizikia inadai mita za ujazo 48 hivi kila sekunde. Mto Sondu, unaoendesha kituo cha Sondu Miriu cha megawati 60, hupitisha kwa wastani mita za ujazo 40 na kidogo. Kwa hiyo ni kama kuchukua mto mzima, kuupasha joto na kuumwaga ufuoni, mwaka nenda mwaka rudi.

Ziwa zima halitahisi joto hilo, kwa sababu lina eneo la takriban kilomita za mraba 68,800. Tatizo ni pale mkondo huo unapoingilia. Ghuba ya Winam ni ya kina kifupi, maji yake hubadilishana na ziwa kuu kupitia mlango mwembamba kati ya Rusinga na bara, na tayari imelemewa na mbolea, maji taka na magugu maji. Maji ya moto hushika oksijeni kidogo. Mwani wa kijani-buluu, ambao aina zake kadhaa hutoa sumu, hustawi penye joto na rutuba. Samaki aina ya ngege naye hutaga kwenye maji ya kina kifupi ya kando, hapo hapo ambapo bomba la kutolea maji lingewekwa.

Njia ya pili ni minara ya kupozea, ambapo maji huzungushwa na joto hutoka hewani kama mvuke. Minara hupoteza chini ya mita moja ya ujazo kwa sekunde. Ukilinganisha na jua, ambalo hukausha takriban mita za ujazo 3,000 kwa sekunde kutoka ziwa zima, hasara hiyo ni ndogo sana. Minara hugharimu fedha zaidi, na mradi unapobanwa na bajeti vitu vya namna hiyo ndivyo huwa vya kwanza kupunguzwa. Hilo ni jambo la kuandikwa kwenye leseni, lisiachiwe nia njema ya mjenzi.

Kuhusu ajali, haki itendeke. Vituo vya Pickering na Bruce nchini Kanada vimekaa kando ya maziwa ya Ontario na Huron tangu miaka ya 1970, na mamilioni ya watu bado hunywa maji ya maziwa hayo. Kukaa kando ya ziwa pekee hakuhukumu kituo. Hata hivyo Ziwa Victoria lina maumbile yake. Lina takriban kilomita za ujazo 2,700 za maji, na mlango mmoja tu wa kutokea, Jinja, ambako mto Nile huondoka na kilomita za ujazo zipatazo 40 kwa mwaka. Gawanya, utaona kwamba kitu kilichoyeyuka humo kingechukua karibu miaka 70 kusukumwa nje. Baada ya Chernobyl, samaki wa baadhi ya maziwa ya Skandinavia walibaki na mabaki ya sesiamu yenye mionzi kwa miaka mingi, ilhali bahari huyatawanya haraka zaidi. Ajali kubwa ni nadra, lakini hapa ingekuwa ya Kenya, Uganda, Tanzania na kila nchi inayokunywa Nile.

Ardhi nayo ina neno lake. Ghuba ya Winam imelala ndani ya tawi la Bonde la Ufa, na mlima Homa ni zao la volkeno. Vilevile ziwa hupanda na kushuka: lilishuka hadi fuo zikakauka mwaka 2006, kisha mwaka 2020 likapanda hadi kina cha juu kuliko chochote kilichokuwa kimepimwa Jinja hadi wakati huo na kufukuza familia nyingi kutoka makwao. Kituo kitakachodumu miaka 60 lazima kijengwe kikiyajua yote mawili.

Tulichonacho tayari

Katika nchi nyingi nyuklia hulinganishwa na makaa ya mawe kwa sababu makaa ndiyo yanayowasha taa. Kenya haiko hivyo. Takriban asilimia 90 ya umeme unaozalishwa nchini hutokana na jotoardhi, maji, upepo na jua. Jotoardhi ya Olkaria, iliyoanza kuzalisha umeme mwaka 1981, haingoji mvua wala jua. Tena usiku wa manane mahitaji yanaposhuka, sehemu ya mvuke wake huachiliwa hewani bila kuzungusha chochote, kisha jioni inayofuata watu wa magharibi mwa Kenya wanakosa stima. Kinachopungua ni nyaya za kuufikisha umeme huo na mahali pa kuuhifadhi.

Kuhusu kuhifadhi, fuo zenyewe za ziwa zimeonyesha njia. Usiku usio na mbalamwezi wavuvi huelea na taa ili omena wakusanyike chini ya mwanga, kisha wavu huvutwa kuwazunguka. Kwa miongo mingi taa hizo zilikuwa karabai, zikinywa mafuta ya taa hadi alfajiri, na sehemu kubwa ya mapato iliishia humo. Siku hizi kule Mbita na fuo nyingine wavuvi hukodi taa za betri zilizochajiwa kwa jua mchana, wanazirudisha asubuhi, huku omena wakianikwa kwenye nyavu chini ya jua lile lile.

Hata hivyo taa ya mvuvi si kiwanda cha barafu. Pampu za maji za Kisumu, majokofu ya samaki na karakana za kuchomelea vyuma vinahitaji umeme usiokatika. Jua huzama jioni wakati matumizi yanapopanda, na ukame hupunguza Sondu. Wanaotetea nyuklia wanalisema hilo, na ni kweli. Lakini nyuklia nayo ina sharti la gridi. Kanuni inayotumiwa na wahandisi ni kwamba mtambo mmoja usizidi sehemu ya kumi ya gridi nzima, kwa kuwa ukizimika ghafla huweza kuivuta nchi yote gizani. Matumizi ya juu kabisa ya Kenya yalivuka megawati 2,300 mwaka 2025. Mtambo mmoja wa megawati 1,000 ni mkubwa mno kwa gridi hiyo. Mitambo midogo ya megawati 300 au chini ingefaa zaidi, ila ni michache mno iliyokwisha kufanya kazi duniani.

Kipi kitangulie

Naamini nyuklia haistahili kuogopwa kama jini, wala kupokewa kama zawadi. Makaa ya mawe yasijengwe kamwe. Fedha za kwanza ziende kwenye mvuke wa Bonde la Ufa, nyaya za kuja magharibi, betri za kubeba jua hadi usiku, na paneli juu ya paa za Kisumu, mji unaopigwa na jua mwaka mzima. Nyuklia ifuate tu gridi ikikua, na ikiwa itatimiza masharti: minara ya kupozea, utafiti wa mitetemeko uliowekwa wazi, mfuko wa kutunza taka za nyuklia unaolipwa tangu siku ya kwanza, na idhini ya nchi jirani kupitia Tume ya Bonde la Ziwa Victoria, ambayo makao yake yako papa hapa Kisumu.

Wananchi wa Bondo na Rarieda wataitwa kwenye mabaraza, waahidiwe barabara, shule na kazi. Wasiondoke kabla ya kujibiwa maswali matatu kwa maandishi na kwa lugha wanayoielewa: maji ya moto yatamwagwa wapi, mabaki ya urani yatalindwa na nani baada ya kituo kuzimwa, na kwa nini mvuke unaopotea Olkaria usiku haujawafikia kwanza.