DPP ni wa Rais ama ni wa Wananchi? Wasee wa Majengo, Hii Inawahusu

Hapa Majengo, Nyeri, siasa haikosi kwa base. Taja Rigathi Gachagua tu, nusu ya wasee wanachemka, nusu wanacheka. Lakini kuna ofisi moja iko katikati ya hiyo stori, na si wengi wanaijua poa: Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, yule tunamwita DPP.

Kazi yake ni gani?

Karao anaweza kukushika na DCI wakakuchunguza, lakini kukushtaki kortini ni uamuzi wa DPP. Ofisi yake ndio inasoma faili na kusema "huyu ashtakiwe" ama "hapa hakuna kesi." Uwe umeshikwa na misokoto miwili ya bangi ama unashukiwa kumanga mabilioni, kalamu ni hiyo hiyo moja.

Zamani ilikuwa aje?

Kabla ya 2010, hiyo nguvu ilikuwa ya Mwanasheria Mkuu. Shida ni kwamba huyo pia alikuwa mshauri wa sirikali na alikaa kwa baraza la mawaziri. Yaani wakili wa mdosi ndiye angeamua kama marafiki wa mdosi watashtakiwa. Mwaka wa 1986 mambo yakawa noma zaidi: Katiba ilibadilishwa, ulinzi wa kazi yake ukaondolewa. Ulirudishwa 1990.

Katiba ya 2010 ikatenganisha hizo kazi. Kifungu cha 157 kinasema DPP haombi mtu ruhusa kuanzisha kesi, na hafuati amri ya yeyote. Rais anamteua, Bunge la Taifa linampiga msasa, kisha anakaa miaka 8 bila kurudia. Wazo lilikuwa simpo: kama huwezi kuongezewa muda, huna sababu ya kumfurahisha mtu.

Gachagua anaingia wapi?

Julai 2021, akiwa mbunge wa Mathira na mtu wa William Ruto, ambaye wakati huo alikuwa amekosana na Rais Uhuru Kenyatta, Gachagua alishtakiwa kwa kesi ya ufisadi ya zaidi ya shilingi bilioni 7. Akakana. Mwaka uliofuata Ruto akashinda urais na Gachagua akawa naibu wake. Novemba 2022, DPP Noordin Haji akaomba korti aiondoe kesi, akisema ushahidi hautoshi. Mpelelezi naye alikuwa ameapa kwamba alishinikizwa. Korti ikakubali.

Sasa chagua: ama kesi ililetwa bila ushahidi wa kutosha, ama iliondolewa ikiwa bado na uhai. Wanaompenda Gachagua wanasema ya kwanza, wasiompenda wanasema ya pili. Lakini zote mbili zinauma, juu DPP alikuwa yule yule. Kitu mwananchi aliona kimebadilika ni sirikali.

Shimo liko wapi?

Katiba ilifunga mlango wa mbele, ikaacha wa nyuma wazi. Keriako Tobiko, DPP wa kwanza chini ya Katiba mpya, aliondoka 2018 akawa waziri. Haji akaondoka 2023 akawa mkuu wa ujasusi, NIS. Hakuna aliyemaliza miaka 8. Si lazima kuwe na dili yoyote. Lakini kama Rais anaweza kukupea kazi kubwa zaidi kesho, watu watauliza leo unamfanyia nani kazi.

Kuna wale wanasema DPP akiwa huru sana atakuwa mfalme mdogo ambaye hakuchaguliwa na mtu. Hoja iko na uzito. Ndio maana hawezi kuondoa kesi bila ruhusa ya korti, na mwananchi yeyote anaweza kuandikia Tume ya Utumishi wa Umma akitaka atolewe. Uhuru si kukosa mtu wa kukuuliza maswali. Ni kuulizwa maswali hadharani na korti na sheria, si kupigiwa simu usiku na mkubwa.

Mimi hustler inanihusu nini?

Baada ya maandamano ya Juni 25, 2025, vijana kadhaa nchini walijikuta kortini wakikabiliwa na mashtaka ya ugaidi. Mwezi huo huo, DPP Renson Ingonga aliidhinisha polisi washtakiwe kwa mauaji ya Albert Ojwang, aliyefia mikononi mwao. Kalamu moja, kesi mbili. Ikiwa kalamu inaogopa mtu, mkubwa ana simu ya kupiga. Wewe uliyeshikwa Majengo huna namba.

Kwa hivyo DPP mwingine akiteuliwa, usingoje tu memes. Bunge hutangaza jina na kuita maoni ya umma, na ukiwa na pingamizi unaweza kuliwasilisha kwa kiapo. Na usiulize tu huyu mtu ametoka wapi. Uliza pia akimaliza anaenda wapi.