MLINZI WA MSITU NDIYE MLINZI WA MAJI

Katika miaka ya 2010, wachoma mkaa walipowazidi nguvu mabwana misitu, askari wa Jeshi la Ulinzi la Malawi walipelekwa kuulinda msitu wa Dzalanyama, kusini-magharibi ya Lilongwe. Yaweza kuulizwa: askari na miti wapi na wapi?

Jibu, ndugu wasikilizaji, limo mtoni. Mto Lilongwe huanzia Dzalanyama, hujaza mabwawa mawili ya Kamuzu, na humo ndimo mji mkuu uchotamo maji yake. Miti ikiteketea, mvua huteremsha udongo na bwawa hujaa tope. Msitu huo pia ni makao ya kigong'ota wa Stierling, ndege adimu ategemeaye miti ya miyombo.

Suala hili limezidi uzito tangu madini ya kinywe, yatumikayo kutengenezea betri, yalipogunduliwa Malingunde, jirani na bwawa la pili. Madini ni neema kwa taifa. Lakini machimbo yasiyosimamiwa barabara huweza kumwaga tope na sumu mtoni. Ndiyo maana sheria ya mazingira ya mwaka 2017 ilitaka athari za miradi mikubwa zichunguzwe kabla ya kazi kuanza.

Sheria hiyo haina macho wala miguu. Askari ndiye macho yake. Akutaye wachimbaji wasio na kibali kando ya mto asidhani kuwa hilo ni shauri la mabwana misitu peke yao. Kambi na vituo vya polisi vya Lilongwe navyo hunywa maji hayo hayo.