Divai ya Bei Nafuu: Utajuaje Kama ni ya Kweli?



Msimu wa harusi ukifika, kamati huketi kugawa pesa zilizochangwa. Nyama, mchele, viti na hema hupangwa kwanza. Halafu mtu anauliza, na divai ya meza ya wageni je? Mara nyingi hapo hapatakosa mjumbe anayejua duka fulani linalouza chupa kwa bei ya kutupa.

Katika toleo hili tunaeleza jinsi ya kuipima chupa kama hiyo kabla pesa hazijatoka mfukoni. Hatumshawishi asiyekunywa aanze kunywa, wala hatumcheki aliyeamua kuacha. Lakini divai, ambayo wengi wetu huiita waini, hununuliwa katika jamii yetu kwa sherehe, kwa kupikia na kwa zawadi. Anayenunua ana haki ya kujua anachonunua, na wakati mwingine kujua huko huokoa macho na maisha.

DIVAI HASA NI NINI?

Divai ni maji ya zabibu yaliyochachuka. Chachu hula sukari ya zabibu na kuigeuza kuwa alkoholi. Divai ya kawaida ya mezani huwa na alkoholi ya asilimia 11 hadi 14 hivi. Iko pia divai iliyoongezwa pombe kali, na hiyo hufika asilimia 15 hadi 22. Divai ya mapapai, nanasi au tunda lingine si ya uongo, mradi lebo iseme hivyo wazi. Uongo ni pale maji, spiriti, sukari na rangi vinapochanganywa kwenye pipa, kisha vikatiwa chupani na kubandikwa picha ya zabibu.

JE, RAHISI NI MBAYA?

La. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi, lakini si kila mara. Divai nyingi ya bei nafuu hutoka mashamba makubwa, kama yale ya Afrika Kusini. Hutengenezwa kwa wingi ndani ya matangi ya chuma, haikai miaka kwenye mapipa ya mbao, na huuzwa ikiwa changa. Ndiyo maana gharama yake ni ndogo. Hata kizibo cha kuzungusha si dalili ya divai duni, kwani huifungia hewa nje vizuri. Ile ya boksi nayo si ya kudharauliwa: mfuko wa ndani hujikunja divai inapopungua, kwa hivyo hewa haiingii upesi.

Basi swali si "ni rahisi?" Swali ni "inawezekanaje iwe rahisi kiasi hiki?" Hapo tunahitaji kalamu.

1. PIGA HESABU KWANZA

Mabadiliko ya sheria ya kodi yaliyoanza kutumika mwishoni mwa Desemba 2024 yaliweka ushuru wa divai kuwa shilingi 22.50 kwa kila sentilita ya alkoholi halisi. Hebu tuchukue chupa ya mililita 750 yenye alkoholi ya asilimia 12. Ndani yake mna sentilita 9 za alkoholi. Mara 22.50, ushuru ni shilingi 202.50.

Sasa tuseme duka linaiuza kwa shilingi 250. Ndani ya bei hiyo mna pia VAT ya asilimia 16, ambayo ni kama shilingi 34.50. Toa zote mbili. Zinabaki kama shilingi 13 tu. Je, shilingi 13 zitalipa zabibu, chupa, kizibo, lebo, lori na faida ya mwenye duka? Na kama imetoka ng'ambo, forodha na meli zitalipwa na nani? Haiwezekani. Chupa hiyo ama haikulipiwa ushuru, ama imeibwa, ama ndani yake hamna divai.

Viwango vya kodi hubadilika, lakini njia ya hesabu ni ile ile. Ifanye mbele ya kamati nzima ili kila mtu aone.

2. KAGUA CHUPA

Simama mahali penye mwanga, usiwe na haraka, na uangalie haya:

(a) Stempu ya ushuru ya KRA. Iwe imebandikwa pale kwenye kifuniko, isiwe imechanika au kubandikwa mara ya pili. Tangu 2013 stempu hizi zina alama za siri, na kuna programu ya simu ya KRA iitwayo Soma Label ambayo husoma stempu na kukuambia ni ya bidhaa gani. Kama simu inasema bidhaa nyingine na chupa inasema divai, irudishe rafuni.

(b) Alama ya ubora ya KEBS. Kwa bidhaa ya hapa nchini, chini ya alama hiyo pana nambari. Tuma ujumbe wa SM# ikifuatwa na nambari hiyo kwenda 20023, nawe utajibiwa jina la bidhaa na la mtengenezaji. Divai ya kutoka nje huwa na stika yake ya KEBS ya bidhaa za kigeni.

(c) Lebo. Itaje asilimia ya alkoholi, ujazo, nchi ilikotoka, jina la mtengenezaji au mwenye kuiingiza nchini, na nambari ya kundi. Maneno yaliyoandikwa kimakosa, rangi zilizofifia na lebo iliyopinda ni ishara mbaya. Linganisha chupa mbili za aina moja. Kiwandani hujazwa kwa mashine, kwa hivyo kimo cha divai shingoni kinapaswa kulingana.

(d) Mahali ilipokaa. Chupa iliyoanikwa juani dirishani kwa miezi imeshapikwa. Divai nyeupe ya bei nafuu iliyo na miaka mitano rafuni pia haifai, maana divai za aina hii nyingi ni za kunywewa mapema.

3. MACHO, PUA NA ULIMI

Kamati yenye busara hununua chupa moja kwanza, si katoni kumi. Mimina kidogo kwenye glasi safi.

Divai nyeupe iliyogeuka rangi ya kahawia imeharibiwa na hewa au joto. Povu katika divai isiyo ya povu huonyesha kwamba imeanza kuchachuka upya. Harufu ya siki, ya yai viza au ya karatasi iliyolowa ni kasoro. Lakini usiogope vipande vidogo mfano wa chumvi chini ya chupa. Hizo ni chembe za asidi ya zabibu yenyewe, na hazina madhara.

Divai nyekundu ina jaribio moja jepesi la jikoni. Weka vijiko viwili vya divai kwenye kikombe cheupe, kisha utie magadi kidogo ya kuokea. Rangi halisi ya zabibu hugeuka kuwa ya samawati, kijani au kijivu. Ikibaki nyekundu ile ile, kuna uwezekano mkubwa kwamba ni rangi ya dukani. Imwage, usiinywe. Jaribio hili hueleza habari za rangi tu. Rangi ya mmea mwingine inaweza kugeuka vilevile.

4. KILE AMBACHO ULIMI HAUWEZI KUKUAMBIA

Hapa tusikilizane vizuri. Sumu iitwayo methanoli haitofautiki na alkoholi ya kawaida kwa kuangalia, kunusa wala kuonja. Wale wanaosema ati uwashe kiberiti uone rangi ya moto wanakudanganya, kwa sababu mchanganyiko wa alkoholi zote mbili hauonyeshi tofauti ya kuaminika.

Mwaka 1986 nchini Italia watu zaidi ya 20 walikufa baada ya kunywa divai ya bei nafuu iliyotiwa methanoli ili ionekane ina nguvu. Hiyo ilikuwa divai ya zabibu, tena katika nchi inayoijua divai. Hapa kwetu tuliomboleza Nairobi mwaka 2000, tukaomboleza tena kaunti kadhaa Mei 2014, na Kirinyaga Februari 2024. Hizo zetu zilikuwa pombe nyingine, lakini sumu haichagui chupa.

Methanoli ikiingia mwilini, ini huigeuza kuwa asidi inayoharibu mshipa wa macho. Dalili hukawia, mara nyingi saa 12 hadi 24: kichwa kuuma, tumbo kuuma, kutapika, pumzi ya haraka, na macho kuona ukungu. Wengi hudhani ni uchovu wa pombe, wakalala. Wasilale! Mkimbizeni mgonjwa hospitalini mara moja na mbebe chupa aliyokunywa. Dawa ipo, lakini kila saa inayopita ni hasara.

Kwa hivyo kinga ya kweli ni kujua chupa imetoka wapi.

MAMBO YA KUKUMBUKA

- Nunua duka lenye leseni na udai risiti. Mwenye bidhaa halali hakatai kuandika.
- Usinunue divai ya kupimiwa kutoka mtungi, wala ya gari lililoegeshwa kando ya barabara.
- Usimpe divai aliye chini ya miaka 18, wala mama mjamzito.
- Sherehe ikiisha, chana lebo na uharibu vifuniko. Chupa tupu yenye lebo safi ndiyo mali ghafi ya matapeli.
- Ukishuku bidhaa, peleka habari kwa chifu, kwa KEBS au kwa KRA.

Na kama hesabu imekataa, wajumbe msione haya. Nunueni maji ya matunda. Hakuna mgeni aliyewahi kukasirika kwa sababu alirudi nyumbani salama.