Gitaa la solo linamezwa na kinanda? Pedali hii unaitengeneza kwa vipuri vya sabufa mbovu

Ni Jumapili. Iwe Kyela mjini, Ipinda au Matema, picha ni ileile. Kwaya imesimama, kinanda kimejaa, besi inatikisa mabenchi. Mpiga solo vidole vinakimbia, lakini waliokaa nyuma hawasikii kitu. Anaongeza volyumu. Wa kinanda naye anaongeza. Mwisho wa ibada spika inakwaruza, na mchango wa kununua nyingine unaanza upya.

Mara nyingi tatizo si volyumu. Tatizo ni nafasi.

Katika muziki wa dansi magitaa hugawana kazi: solo, rizimu, besi. Kila moja lina eneo lake la sauti. Zikijazana sehemu moja, hata ukifungua amplifaya hadi mwisho, hakuna kinachoeleweka.

Sauti za kati ni zipi?

Sauti hupimwa kwa hezi, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde. Waya mnene wa gitaa, ukipigwa bila kubanwa, hutoa hezi 82 hivi. Waya mwembamba hutoa 330, na ukibanwa kule mwisho wa shingo hufika karibu 1,200.

Chini kabisa wamekaa besi na ngoma. Juu kabisa kuna matoazi na zile "s" za waimbaji. Katikati, kati ya hezi 500 na 1,000 hivi, ndipo gitaa linapopata mwili wake, na sikio la binadamu hulinasa vizuri. Ukiinua eneo hilo peke yake, solo inatokeza mbele bila kuongeza mngurumo wa besi wala makali ya trebo.

Wazo hili si geni. Pedali ya Ibanez Tube Screamer, iliyotoka Japani mwishoni mwa miaka ya 1970, inajulikana kwa kusukuma sauti za kati, zaidi karibu na hezi 720. Wapiga gitaa wakubwa kama Stevie Ray Vaughan wa Marekani waliitumia. Kikubwa ni kwamba ndani yake kuna chipu ya 4558, ambayo mafundi redio wanaifahamu sana. Imejaa kwenye bodi za sabufa na mikisa za bei nafuu. Kwa hiyo kabla ya kufunga safari ya Mbeya kutafuta pedali ya dukani, pitia kwanza kwa fundi wa mtaani uone masalia yake.

Vitu vinavyohitajika

- Chipu moja ya 4558 au TL072 (miguu 8, mpangilio ni uleule)
- Rezista: 10k mbili (kahawia, nyeusi, chungwa), 4.7k moja (njano, zambarau, nyekundu), 100k moja (kahawia, nyeusi, njano), 1M mbili (kahawia, nyeusi, kijani)
- Kapasita zilizoandikwa 104, 473 na 103, moja moja
- Kapasita ya 1µF na ya 47µF, zote za volti 16 au zaidi
- Nobu ya volyumu ya 20k (ya 10k inafaa pia, ila nguvu itapungua)
- Jeki mbili za gitaa, moja iwe ya stereo
- Swichi ya kawaida ya miguu miwili
- Betri ya volti 9 na kofia yake
- Boksi la chuma

Namna ya kuunganisha

Weka chipu alama yake ikiwa juu. Mguu wa 1 uko juu kushoto. Hesabu kushuka hadi 4, kisha upande wa kulia hesabu kupanda, 5 hadi 8.

1. Umeme: chanya ya betri iende mguu wa 8. Mguu wa 4 uende ardhini, yaani upande wa hasi.

2. Nusu ya umeme: unga rezista mbili za 10k kwa kufuatana, kutoka chanya hadi ardhini. Pale zinapokutana pana volti 4.5. Weka hapo chanya ya kapasita ya 47µF, na hasi yake iende ardhini.

3. Kuingia: kutoka jeki ya gitaa, pitia kapasita ya 104 hadi mguu wa 3. Kutoka mguu wa 3, rezista ya 1M iende kwenye zile volti 4.5.

4. Nobu: unga mguu wake wa katikati na mmoja wa pembeni. Upande huo uende mguu wa 1 wa chipu, na mguu wa nobu uliobaki uende mguu wa 2. Kapasita ya 103 ikae kati ya mguu wa 1 na wa 2.

5. Kichujio: kutoka mguu wa 2, rezista ya 4.7k, ikifuatiwa na kapasita ya 473, kisha swichi, kisha ardhini. Rezista ya pili ya 1M ishike miguu miwili ya swichi ili isitoe mlio wa "tap" ukiibonyeza.

6. Kutoka: mguu wa 1 upite kapasita ya 1µF hadi jeki ya pili. Kama kapasita hiyo ina chanya na hasi, chanya ielekee kwenye chipu. Rezista ya 100k itoke jeki hiyo hadi ardhini.

7. Nusu ya chipu isiyotumika: mguu wa 5 uende kwenye volti 4.5, wa 6 na wa 7 viungwe pamoja.

Hasi ya betri isiungwe moja kwa moja ardhini. Ipeleke kwenye mguu wa kati wa jeki ya stereo, ile ya kuingizia gitaa. Hapo betri itafanya kazi pale tu waya wa gitaa unapochomekwa. Ukiuchomoa, imezima.

Inavyofanya kazi

Kapasita ya 473 na rezista ya 4.7k zinainyima besi nyongeza; chini ya hezi 720 hivi nguvu inaanza kushuka. Kapasita ya 103 inafanya hivyo hivyo upande wa juu, kuanzia hezi 800 hivi nobu ikiwa mwisho. Kinachobaki ni kilima katikati, karibu na hezi 750, ambapo sauti inakuzwa kama mara tatu, sawa na desibeli 10. Waya mnene unabaki karibu kama ulivyokuwa.

Swichi ikizimwa, gitaa linapita bila kuongezwa kitu. Nobu ikifanya kazi kinyume, badili tu ule mguu wa pembeni.

Kuna faida nyingine. Makanisa mengi huchomeka gitaa moja kwa moja kwenye mikisa, na tundu la maikrofoni huifanya sauti yake ififie. Pedali hii ikikaa katikati inaondoa tatizo hilo, hata swichi ikiwa imezimwa.

Mambo ya kuangalia

Usiunge kitu chochote kwenye umeme wa ukutani. Betri ya volti 9 inatosha, na chipu hii hula umeme kidogo sana. Lakini beba betri ya akiba, maana ikiisha katikati ya wimbo gitaa linanyamaza kabisa.

Kyela ina mvua nyingi na joto la ziwani, kwa hiyo unyevu hula jeki na viungo vya solda. Funga boksi vizuri, na liunge na ardhi ya sakiti ili lizuie ngurumo. Ukimaliza kuchoma solda nawa mikono, kwa sababu nyingi zina risasi.

Mwisho, siku ya mazoezi anza nobu ikiwa chini. Mwenzako akae benchi la nyuma kabisa, nawe upandishe taratibu. Akiinua mkono kwamba anasikia solo, acha hapo hapo. Volyumu ya amplifaya usiiguse, na mwombe wa kinanda naye asiiguse ya kwake.