Mtomondo si "aina ya mti" tu

Majuzi mwanafunzi wangu wa semantiki alisoma kwa sauti fasili ya neno "mtomondo" kutoka kwenye kamusi aliyokuwa nayo mkononi: "aina ya mti." Darasa zima likaangua kicheko. Nami nilicheka, ingawa moyoni nilifedheheka, kwani fasili za namna hiyo ni kazi yetu sisi wanaisimu. Je, mwalimu wa Kwale atawezaje kuuonyesha mti huo kwa wanafunzi wake kwa maneno hayo matatu?

Mtomondo, ambao wataalamu wa mimea huuita Barringtonia racemosa, ni mti wa asili wa mwambao wetu. Huota penye maji: kandokando ya mito, katika vinamasi, na nyuma ya mikoko pale ambapo maji ya chumvi hukutana na maji baridi. Majani yake ni makubwa, yamesongamana kwenye ncha za matawi, na kingo zake zina meno madogo madogo. Lakini ajabu yake hasa ni maua. Hushuka kwa vishada virefu vinavyoning'inia, aghalabu zaidi ya nusu mita, kila ua likiwa na nyuzi nyingi nyeupe au za waridi. Hufunguka jioni, yakanukia usiku kucha na kuwaita nondo na popo; kukipambazuka, nyuzi zimekwisha kudondoka na kutanda juu ya maji. Anayelala mapema hayaoni.

Wengi huuchanganya na mtondoo, mti wa ufukweni ambao mbegu zake hukamuliwa mafuta. Silabi zinakaribiana, miti haikaribiani. Majani ya mtondoo hukabiliana mawili mawili, yana mishipa myembamba iliyopangika sambamba, nayo kingo zake hazina meno. Matondoo ni ya mviringo kama gololi kubwa. Tomondo lina umbo la yai lenye pembepembe, na ganda lake la nyuzinyuzi huliwezesha kuelea hadi litakapotua. (Kamusi za kale hutaja pia "tomondo" kwa maana ya kiboko. Kama majina hayo yana asili moja, hilo nawaachia watafiti chipukizi.)

Kuupanda si kazi ngumu, ila usifanye kama nilivyofanya mimi. Niliokota matomondo kadha, nikayaanika dirishani juma baada ya juma kama mtu ahifadhiye mbegu za mahindi. Halikuota hata moja! Mbegu hii hufa ikikauka. Okota tunda lililodondoka likiwa bado bichi, lilaze ubavu katika mfuko wa udongo, ulifukie nusu, uweke kivulini na usiuache udongo ukauke kamwe. Huchukua majuma kadha kuchipuka, basi mwalimu awe na subira. Mche uhamishwe mvua za masika zinapoanza, upandwe penye unyevu wa kudumu. Watoto waonywe pia: mbegu hizi zina sumu ambayo wavuvi wa zamani waliitumia kulevya samaki, na uvuvi wa namna hiyo umepigwa marufuku kisheria.

Nayasema haya kwa sababu tangu serikali ilipotangaza mwaka 2022 azma ya kupanda miti bilioni 15 kufikia 2032, shule nyingi zimechimba mashimo. Niliwahi kualikwa kwenye sherehe kama hiyo, penye kinamasi kidogo nyuma ya madarasa. Miche tuliyopewa yote ilikuwa mikaratusi! Na tunakumbuka kuwa mwaka 2009 marehemu John Michuki, akiwa Waziri wa Mazingira, aliagiza mti huo ung'olewe kwenye vyanzo vya maji kwa jinsi unavyoyanywa. Nilipouliza kwa nini hatukuletewa mti wa majini, mwenyeji wangu alinijibu kwa upole, "Upi, Daktari?"

Nilimtajia. Akatoa kalamu, akaniomba nimtamkie jina hilo mara ya pili.