Sharp siyo kisu tu!

Wadau, hili neno sharp wengi tunalijua kwenye kisu tu. Ni kweli, kisu cha kupasulia sangara pale Mwaloni Kirumba ni sharp, yaani kikali. Ila siyo kila kikali ni sharp. Ukimwambia mgeni mbwa wako ni sharp, ataelewa ana akili, hataogopa kuumwa!

Kona sharp ni ya ghafla. Maumivu sharp ni ya kuchoma. Mtu sharp ndo yule shapu wetu wa mtaani, mwepesi kuelewa. Lakini sharp practice siyo sifa, ni ujanja wa kuumiza watu. Na boksi la zahanati lililoandikwa sharps ni la sindano zilizotumika, usiguse.

Sasa kwenu mnaosaka kazi. Barua ikisema 8.00 a.m. sharp, hapo sharp ni "kamili". Na hiyo nane ni ya Kizungu: saa mbili kamili asubuhi, siyo saa nane mchana! Kama unatokea Igoma, pigia hesabu na foleni ya daladala. Ukifika na dakika kumi, usaili unaweza kukupita hivi hivi.

Nawasilisha.