Taa ya mbao na vioo vya rangi: Uzito kwanza, urembo baadaye

TAA ya dari iliyoundwa kwa mikono, fremu yake ikiwa ya mbao na tumbo lake vioo vya rangi, ni pambo linaloweza kurithiwa na vizazi. Hata hivyo, ni pambo linaloning'inia juu ya vichwa vya watu. Fundi anayewazia rangi kabla ya kupima uzito huenda akaunda hatari.

Thamani ya kazi hii ilidhihirika mjini Pasadena, jimbo la California, Marekani. Huko, wasanifu majengo wawili, ndugu Charles na Henry Greene, walibuni nyumba ambazo hata taa zake zilichongwa ziwiane na vyumba. Mwaka 1985, mnunuzi wa mojawapo, nyumba ya Blacker iliyojengwa 1907, aling'oa taa hizo na kuziuza. Wakazi walighadhabika, na wamiliki waliofuata iliwabidi kutafuta mafundi wa kuunda nakala.

Humu nchini, karakana ya Kitengela Glass, iliyoasisiwa na msanii Nani Croze, imeonyesha kuwa sanaa ya vioo vya rangi inaweza kutegemea hata vioo vilivyokwisha kutumika.

Uzito na mbao

Kioo chenye unene wa milimita 3 huwa na uzito wa takriban kilo 7.5 kwa kila mita mraba. Kwa hivyo, kidirisha cha sentimita 60 kwa 60 hufikia kilo 2.7 kabla ya kuongeza mbao, lehemu na mnyororo. Dari ya jipsamu pekee haifai kutwikwa mzigo huo. Ndoana ikazwe kwenye boriti. Pasipo boriti mahali hapo, ubao ukingamishwe kati ya boriti mbili zilizo karibu.

Mbao za fremu, ziwe mvule au mkangazi, sharti ziwe kavu kwa sababu mbao mbichi hupinda. Viungo vya kona huwa imara zaidi ncha ya ubao mmoja ikichongwa kuwa ulimi unaoingia katika tundu la mwingine, kisha vikatiwa gundi.

Aidha, hata mbao kavu hufura katika unyevu wa Mombasa na kunywea wakati wa ukavu, ilhali kioo hakiendi nazo. Ndiposa mfuo wa kioo huachwa na nafasi ya milimita 2 hivi kila upande, na kioo hushikiliwa kwa vijiti vya mbao vyenye skrubu badala ya gundi. Kikivunjika, hubadilishwa bila kubomoa fremu.

Kukata na kuunganisha

Mchoro huchorwa mara mbili kwa ukubwa kamili: mmoja hubaki mezani, mwingine hukatwa kuwa vielelezo. Kioo hakikatwi kwa msumeno. Huchorwa mstari mmoja kwa kalamu yenye gurudumu gumu, kisha huvunjwa kufuata mstari huo. Kona kali inayoingia ndani ya kipande huelekea kupasuka, hivyo mchoro mzuri huiepuka.

Kingo zikishasuguliwa, kila kipande huzungushiwa utepe mwembamba wa shaba, kisha viungo hulehemiwa. Mbinu hii ilipata sifa kupitia karakana za Louis Comfort Tiffany jijini New York mwishoni mwa karne ya 19.

Lehemu ya kawaida huchanganya bati na risasi, na risasi hudhuru ubongo wa watoto hata kwa kiasi kidogo. Wakenya walilishuhudia hilo mtaani Owino Uhuru, Mombasa, ambako wakazi waliathiriwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Kwa hivyo, kazi hii haifai kufanyiwa jikoni. Madirisha yawe wazi, fundi asile akiwa kazini, na anawe mikono kwa sabuni akimaliza. Lehemu isiyo na risasi pia ipo, ingawa huhitaji joto zaidi.

Balbu na umeme

Balbu za zamani za waya mwembamba hugeuza zaidi ya asilimia 90 ya umeme kuwa joto, na joto hilo hukausha mbao na kulegeza viungo. Balbu za LED zinafaa zaidi, lakini nazo huhitaji upenyo wa hewa juu ya taa ili zidumu.

Umeme wa nyumbani ni volti 240. Uunganishaji uachiwe fundi mwenye leseni. Uzito wote ubebwe na mnyororo, kamwe si waya wa umeme, na sehemu za chuma ziunganishwe na waya wa ardhini.

Hatimaye, rangi zichaguliwe mbele ya balbu itakayotumika. Kioo kinachopendeza juani mchana huenda kikafifia usiku, na baada ya kulehemu ni vigumu kukibadilisha.